Ukienda kuwaona simba waliookolewa: vidokezo kwa msafiri

Msafiri anayekwenda Afrika Kusini kwa likizo hakosi kualikwa mahali fulani akampakate mtoto wa simba na kupiga naye picha. Zipo pia sehemu zinazofanya kinyume kabisa: huwapokea simba, chui na simbamarara waliodhulumiwa, zikawatunza mpaka kufa kwao. Sehemu hizi za pili ndizo makimbilio, nazo zinastahili nauli yako.

1. Ukiruhusiwa kumshika mtoto wa simba, ondoka.
Simba jike wa porini hukaa na wanawe karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Yule wa mashamba ya kufugia simba hunyang'anywa wanawe wakiwa na umri wa siku chache tu, ili apate mimba nyingine mapema, na wale wadogo hupewa wageni wawanyonyeshe kwa chupa. Wakishakua hawashikiki tena. Hapo wengine hutembezwa na watalii, wengine hupigwa risasi ndani ya uzio na wawindaji waliolipia, na mifupa yao imekuwa ikiuzwa Asia. Mei 2021 waziri wa mazingira, Barbara Creecy, alitangaza kwamba serikali inataka kukomesha ufugaji huu, lakini kuyafunga mashamba kumekwenda polepole. Pesa ya picha yako ndiyo inayoyaweka hai.

2. Kabla hujalipa, uliza: mama yao yuko wapi, na wakikua wataenda wapi?
Ukijibiwa kwamba wanalelewa ili warudishwe porini, usikubali. Simba aliyenyonyeshwa na watu haogopi watu, na mnyama wa namna hiyo hafunguliwi karibu na vijiji. Makimbilio ya kweli hayazalishi. Ukikuta vitoto kila msimu, umefika shambani.

3. Nenda Lionsrock.
Iko karibu na mji wa Bethlehem, jimbo la Free State, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Johannesburg, na kule huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Inamilikiwa na shirika la Four Paws. Wengi wa wakazi wake walitolewa kwenye bustani mbovu za wanyama na sarakasi za nchi za mbali. Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha simbamarara wanne walioishi miaka 15 ndani ya mabehewa mawili ya treni huko San Luis, Argentina. Machi 2022 wakaletwa hapa, wakakanyaga majani. Ukiwaona wamejilaza nyasini, usiseme hawafanyi kitu.

4. Lala huko huko.
Simba anaweza kulala hata saa 20 kwa siku, kwa hiyo mgeni wa saa sita mchana huona migongo. Jua likizama ndipo wanapoitana, na mngurumo wa simba huweza kufika kilomita 8. Kuusikia ukiwa kitandani ni jambo usilolisahau.

5. Beba sweta nzito.
Juni hadi Agosti ni majira ya baridi, na usiku Free State hushuka chini ya nyuzi sifuri. Mtu wa Tanga au Mombasa asidanganywe na jua la mchana.

6. Kwa duma, vuka hadi Namibia.
Karibu na Otjiwarongo kipo kituo cha shirika la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa na Laurie Marker mwaka 1990. Duma hangurumi, hukoroma kama paka aliyeshiba na kulia kama ndege. Lakini omba kwanza uonyeshwe mbwa. Tangu 1994 kituo huwagawia wafugaji mbwa wa Kangal, asili yao Uturuki, wanaokulia zizini pamoja na mbuzi. Duma akisogea, mbwa husimama akabweka, naye duma huondoka, maana akiumia mguu hawezi tena kuwinda. Mfugaji asiyepoteza mbuzi hana haja ya bunduki. Huko Somaliland, shirika hilo pia huwalea watoto wa duma walionaswa wakisafirishwa kwa magendo kupitia Yemen kwenda kufugwa majumbani huko Ghuba. Ndugu aliyeko huko akikutumia video ya duma ndani ya gari la fahari, mwelezee safari hiyo.

7. Shika mikono ya watoto.
Wasikimbie wala kuinama kando ya uzio. Kwa simba, kiumbe mdogo anayekimbia ni windo, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuwinda.

8. Piga picha ya mnyama pamoja na uzio wake.
Usihangaike kuuficha ili ionekane mlikuwa nyikani. Muulize mwongozaji jina la mnyama, nchi aliyotoka na alivyokuwa akiishi, kisha uyaandike chini ya picha kabla hujaituma nyumbani.