Somo: Kichanja cha Nguo Wakati wa Mvua



Leo tunaongea juu ya jambo ambalo vikundi vingi huliona dogo: kukausha nguo. Mvua ya mwezi wa tatu hadi wa tano ikianza, na tena baridi ya mwezi wa saba kwa wale wa milimani, sare ya shule inafuliwa Ijumaa na Jumatatu bado ni mbichi. Mama afanye nini? Wengi huingiza jiko la makaa ndani, wanalizungushia viti vyenye nguo, wanafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, na watoto wanalala papo hapo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na haimkohozi mtu. Kichwa kinauma, mwili unalegea, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Watu hudhani kinachoua ni moshi, kwa hivyo wanangoja makaa yawe mekundu kabisa ndipo walete jiko ndani. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa sumu ile ile. Tena sweta moja ikidondoka jikoni, nyumba nzima inaweza kushika moto.

Akina mama, nguo inahitaji upepo kuliko moto. Maji ya nguo huingia hewani, na hewa iliyo karibu nayo ikishajaa unyevu haipokei mwingine mpaka iondoke na hewa kavu ije. Ukifunga nyumba, unyevu wote unabaki humo humo, ukutani na kwenye blanketi.

Huko Marekani nyumba nyingi zina mashine ya stima ya kukaushia nguo. Ni pipa linalozunguka likipulizwa hewa ya moto. Lakini baadhi ya mashine hizo huja na kichanja cha kuwekwa ndani, ambacho hukaa tuli pipa likizunguka. Juu yake huwekwa sweta za sufu na viatu vya raba, maana vikirushwarushwa vinaharibika. Vinalala tu, hewa ikipita juu na chini. Mashine hatuna, lakini kichanja kama hicho tunaweza kukitengeneza kwa fito, na upepo ni wa bure.

Chukueni fito nne ndefu kimo cha mtu, mtengeneze miguu miwili miwili iliyofungwa juu kwa mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ili kiweze kufunguka na kukunjwa. Pigilieni fito nyembamba za kulala, tano au sita kila upande. Ondoeni maganda na mpige msasa, la sivyo nguo zitakwaruzika. Kando yake tengenezeni fremu bapa yenye wavu wa kamba ya katani, ya kulazia sweta. Sweta ya sufu ikining'inizwa ikiwa na maji inavutika mikono mpaka mtoto anaonekana amevaa ya baba yake. Msitumie waya wa chuma. Unashika kutu, na doa la kutu kwenye shati jeupe halitoki kwa urahisi.

Kisimamishwe upenuni au barazani, mahali ambapo upepo unapita na mvua haifiki. Kamueni nguo vizuri kwanza; nzito zizungushiwe taulo kavu na kukandamizwa. Kati ya nguo na nguo pawe na nafasi ya kiganja. Jua likichomoza, hata la saa moja tu, kibebeni kichanja nje. Ndiyo maana nasema kiwe chepesi.

Kuna jambo lingine. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini, na pia kwenye mchanga wenye mkojo. Funza wake huingia kwenye ngozi na kuleta jipu, hasa kwa watoto wachanga. Basi nguo isianikwe chini kwenye nyasi, na nepi zipigwe pasi moto pande zote mbili, na kwenye mishono. Pasi ya makaa nayo iwashwe na kutumiwa nje.

La mwisho ni gumu kusema, lakini nitalisema. Sheria ya mwaka 2017 iliagiza serikali iwape wasichana wa shule taulo za hedhi bila malipo. Hata hivyo, wako wanaotumia vitambaa, na kwa aibu wanavificha chini ya godoro vikiwa vibichi. Kitambaa kisichokauka kinaota ukungu, kinanuka na kinaweza kumwasha na kumdhuru. Kifuliwe kwa sabuni na kikauke juani. Ikiwa nyumba ina watu wengi, kiwekwe kwenye ile fremu, na leso nyepesi itandazwe juu bila kukigusa. Baba akiona leso, asiulize.

Kwa majadiliano ya kikundi: Nguo zetu tunazikausha wapi mvua ikinyesha? Nani kati yetu analala na jiko ndani? Fito tutapata kwa nani, na tutaanza na boma la nani? Je, wasichana wetu wana mahali pa kuanika vitambaa vyao, na tumewahi kuwauliza?