Teremka Chini ya Tuta Kwanza

Mwenye bwawa akienda kuliona, husimama juu ya tuta akatazama maji. Geuka. Tazama kule yatakakopita siku tuta likikatika. Kukiwa na nyumba, soko au kivuko cha watoto wa shule, bwawa lako ni la hatari hata likiwa dogo.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilipanga mabwawa kwa madaraja. Daraja A, la hatari ndogo, lilikuwa kina kisichofika mita 5 na maji yasiyofika mita za ujazo 100,000. B lilikomea kwenye mita 15 na mita za ujazo milioni 1. Zaidi ya hapo lilikuwa C. Kukadiria lako, zidisha urefu wa tuta kwenye usawa wa maji, mara umbali ambao maji yamerudi nyuma, mara kina kirefu kabisa, kisha gawa kwa 6. Tuta la mita 60, maji yamerudi mita 150, kina mita 4: mita za ujazo 6,000. Kwa kanuni hizo, hilo ni A bila ubishi. Lakini ni lita milioni 6, nazo zikishuka kwa mpigo hazimuulizi mtu daraja. Bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lilikuwa la shamba la mtu binafsi. Lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018, likaua zaidi ya watu 40.

Kagua kabla ya mvua za Machi, kisha kila wiki zikinyesha. Ukikuta maji yanachuruzika chini ya tuta, kinga kwenye chupa ya soda isiyo na rangi, uiache itulie. Yakibaki maangavu, endelea kuyafuatilia. Tope likituama chini, huo ni udongo wa tuta lako unaondoka: fungua bomba la kutolea maji, punguza maji siku hiyo hiyo, na uwahamishe walio chini. Ziba mashimo ya kenge na mchwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Mkaratusi ung'oe ukiwa mche. Ukishakua, mizizi yake ikioza huacha njia ya maji.

Njia ya kutolea maji ya ziada ichimbwe pembeni, kwenye ardhi asilia, si juu ya tuta. Wafugaji wa samaki huweka wavu hapo ili perege wasitoroke. Wavu huo ukishika majani usiku mmoja wa mvua, maji hupanda juu ya tuta. Heri upoteze perege.

Kibali cha bwawa huombwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji upande wa Kenya, na Wizara ya Maji na Mazingira upande wa Uganda. Mto Malaba na Mto Sio, iliyo kati ya nchi hizi mbili, haisimami mpakani, kwa hiyo weka kwenye simu namba ya naibu chifu upande wa Kenya na ya mwenyekiti wa kijiji (LC 1) upande wa Uganda. Wapigie leo, kungali kukavu, wajue bwawa lako liko wapi.