Bomba Likipasuka: Koki Ipi Ifungwe?

Nyumba nyingi za mijini hupata maji kwa njia mbili: bomba la mtaa lipitalo kwenye mita, na tangi lililoinuliwa. Bomba la ndani likipasuka, wengi hukimbilia koki ya mita. Lakini maji huendelea kumwagika, kwani tangi halijafungwa.

Sababu yake ni uzito wa maji yenyewe. Kila mita 1 ya kimo huongeza kanieneo kwa kilopaskali 10 hivi. Maji ya tangi yakiwa mita 5 juu ya tundu, kanieneo hufikia kilopaskali 50. Na msuguano ukipuuzwa, maji hutoka kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde. Tundu la sentimita 1 ya mraba laweza kumwaga lita 1 kila sekunde. Hivyo tangi la lita 1,000 laweza kuisha kabla fundi hajafika.

Basi zifungwe koki zote mbili: ya mita, na ya bomba litokalo tangini. Zifungwe polepole, kwa sababu maji yaendayo kasi yakizuiwa ghafla huleta kishindo kiwezacho kupasua viungo vya mabomba. Kisha mfereji wa chini kabisa ufunguliwe ili maji yaliyosalia yatoke.

Zoezi: Kila mwanafunzi atafute koki hizo nyumbani kwao, akadirie kimo cha tangi, kisha akokotoe kanieneo kwenye mfereji wa jikoni.