Mikrobe za tumbo na dawa ya kansere

Watu wengi wanafikiri mikrobe zote ni adui. Si hivyo. Ndani ya matumbo yetu mna mikrobe nyingi mno zinazotusaidia: zinavunja chakula, zinazuia mikrobe mbaya kukaa, tena zinafundisha askari wa mwili kazi yao.

Askari hao ni nani? Ni chembe nyeupe za damu. Wanapigana na homa ya tumbo, na kifua kikuu, hata na kansere. Lakini kansere ina hila: inawalaza askari, wanaipita kama hawaioni. Tangu mwaka 2011 kuna dawa mpya za kuwaamsha. Bei yake ni kali sana, na huku Kasongo na Kabambare hatuna. Basi kwa nini kuzisema? Kwa sababu zimeonyesha jambo linalotuhusu sote.

Mwaka 2018 wanganga wa Villejuif, karibu na Paris, walitoa habari ya wagonjwa 249 waliopewa dawa hizo. Kati yao 69 walikuwa wamekunywa antibiotiki muda mfupi kabla au baada ya kuanza. Hao 69 hawakusaidiwa sana kama wenzao, wakafa mapema zaidi. Mtu atasema, labda walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Ni swali zuri. Lakini wanganga walitwaa mavi ya wagonjwa waliosaidiwa (usicheke!), wakayatia katika matumbo ya panya wenye kansere, na dawa ikafanya kazi. Mavi ya wale wengine hayakufaa.

Antibiotiki haichagui, inaua mikrobe nzuri pamoja na mbaya. Zile kapsule za sokoni, mbili leo kwa mafua, tatu kesho kwa mgongo, si mchezo. Mafua si kazi ya antibiotiki hata kidogo.

Mikrobe nzuri zinapenda maharagwe, sombe na matunda. Huko Houston, Marekani, mwaka 2021, wagonjwa wa kansere ya ngozi waliokula kwa wingi vyakula vya nyuzinyuzi kama hivyo walisaidiwa zaidi na dawa. Vidonge vya mikrobe vya kununua havikuonyesha faida.

Lakini sikiliza vizuri: mgonjwa wa kansere akishikwa na homa kali, asikatae antibiotiki ya munganga eti analinda tumbo. Mikrobe mbaya ikiingia katika damu, inaweza kuua kwa siku chache tu. Mlete lopitali siku ileile, hata usiku, pamoja na vifuko vya dawa zote alizokunywa karibuni, zile za sokoni pia.