Bahasha na Santuri: Somo la Dhamiri katika Filamu ya American Hot Wax



Ndugu msomaji, katika somo la maadili tunafundishwa kulipima tendo la mtu kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira ya tendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayataja kuanzia namba 1750. Darasani jambo hili huonekana jepesi. Mwalimu anatoa mfano wa mtu mwenye njaa aliyeiba mkate, tunajibu, kengele inalia, tunakwenda kula. Ugumu unakuja tunapokutana na mtu aliyetenda jema kubwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipokea bahasha. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayependa tumtazame leo.

Mtu huyo ni Alan Freed, mtangazaji wa redio wa Marekani. Filamu inayosimulia habari zake ni American Hot Wax ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Floyd Mutrux. Tim McIntire anaigiza kama Freed, na wanamuziki Chuck Berry, Jerry Lee Lewis na Screamin' Jay Hawkins wanaonekana humo kwa majina yao wenyewe.

Sauti iliyovuka ukuta

Freed alizaliwa mwaka 1921 katika jimbo la Pennsylvania, akakulia Ohio. Mwaka 1951 alikuwa akifanya kazi katika kituo cha WJW mjini Cleveland. Leo Mintz, mwenye duka la santuri mjini humo, alikuwa ameona jambo la ajabu kwa wakati ule: vijana wa Kizungu waliingia dukani kwake kununua santuri za wanamuziki weusi. Akamshawishi Freed azipige usiku redioni, na duka lake likadhamini kipindi. Tuuweke akilini udhamini huo, kwa maana tutaurudia.

Muziki ule Freed akauita rokenroli. Neno lenyewe hakulibuni yeye. Lilikuwa tayari midomoni mwa Wamarekani weusi. Kazi yake ilikuwa kulitangaza hadi likajulikana na wote. Tarehe 21 Machi 1952 aliandaa dansi katika ukumbi wa Cleveland Arena, wenye nafasi ya watu kama 10,000. Wakaja wengi kupita kiasi hicho, milango ikavunjwa, na wenye mamlaka wakalisimamisha onyesho. Mwaka 1954 akahamia kituo cha WINS, New York.

Ili tuelewe uzito wa kazi yake, tukumbuke Marekani ya miaka ile ilivyogawanyika kwa rangi ya ngozi. Kampuni za kurekodi zilikuwa na desturi ya kuuchukua wimbo wa mwanamuziki mweusi na kumpa mwimbaji Mzungu aurekodi upya, kisha redio nyingi zikapiga huo wa pili. Wimbo wa Little Richard uitwao Tutti Frutti ulitoka mwaka 1955. Pat Boone akaurudia mwaka uliofuata. Freed alishikilia kupiga santuri ya mwenye wimbo. Sisi tunaosoma falsafa tunalijua jina la fadhila hiyo: ni haki, yaani kumpa kila mtu kilicho chake.

Haikuwa bure. Mwaka 1957 kipindi chake cha televisheni kilifutwa baada ya mwimbaji kijana mweusi, Frankie Lymon, kuonekana akicheza dansi na msichana wa Kizungu. Mwaka 1958, baada ya vurugu zilizofuata onyesho lake mjini Boston, alishtakiwa kwa uchochezi. Mashtaka hayo yalifutwa baadaye, lakini kazi yake WINS ilikuwa imekwisha.

Filamu inavyomwonyesha

Filamu inatuweka New York mwaka 1959, siku chache kabla ya onyesho kubwa katika ukumbi wa Paramount, Brooklyn. Tunamwona Freed amezungukwa na watu siku nzima: waimbaji wanaotaka kusikilizwa, wafanyabiashara wenye santuri mkononi, vijana wasio na pa kwenda. Yupo binti mtunzi wa nyimbo ambaye nyumbani kwao hawamwelewi. Yupo pia mtoto mmoja, mpenzi mkubwa wa Buddy Holly, mwanamuziki aliyefariki kwa ajali ya ndege mwezi Februari mwaka ule. Mtoto anazungumza na Freed juu ya kifo hicho, na mtu mzima anamsikiliza kwa heshima. Kwangu mimi hapo ndipo penye moyo wa filamu yote. Sifa ya kwanza ya Freed katika filamu hii si maneno mengi ya redioni, ni sikio. Mchungaji yeyote, na sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji, tunaweza kujifunza hapo.

Mwishoni wenye mamlaka wanalivamia onyesho na kuzikamata fedha za viingilio. Chuck Berry anaambiwa hakuna malipo, naye anakubali kupiga bure. Ukumbi unashangilia, na mtazamaji anatoka akiwa upande wa Freed moja kwa moja.

Hapa ndipo ninapoomba tusimame. Maisha ya Freed hayakuishia pale ukumbini.

Jina lililokaa mahali pasipo pake

Mwezi Novemba 1959 Freed alifukuzwa kituo cha WABC baada ya kukataa kutia sahihi tamko kwamba hajawahi kupokea fedha ili kupiga santuri. Malipo hayo ya siri Wamarekani waliyaita payola. Mwaka 1960 Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi, na sheria ikatungwa. Freed alijitetea kwamba alilipwa kama mshauri. Desemba 1962 alikiri mahakamani makosa mawili ya hongo ya kibiashara na kutozwa faini ya dola 300. Kazi zikamkauka, pombe ikamwelemea, na tarehe 20 Januari 1965 akafariki California akiwa na umri wa miaka 43.

Kuna jambo lingine linalouma zaidi. Mwaka 1955 Chuck Berry alirekodi Maybellene, wimbo uliomfungulia njia. Santuri ilipotoka, majina ya watunzi yalikuwa matatu: Berry, Russ Fratto, na Alan Freed. Berry ndiye aliyeutunga. Jina la Freed liliwekwa ili apate sehemu ya mapato, naye akaupiga wimbo huo redioni mara nyingi. Jina hilo lilikuja kuondolewa mwaka 1986, miaka 21 baada ya kifo chake.

Msomaji utaona tulipofika. Mtu yule yule aliyekataa mwanamuziki mweusi aporwe wimbo wake na mwimbaji Mzungu alikubali jina lake likae juu ya wimbo wa mwanamuziki mweusi.

Tulipime jambo lenyewe

Tufuate mtindo wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye huanza kwa kumpa mpinzani nafasi ya kusema.

Inaonekana kwamba Freed hakukosa. Kwanza, santuri alizopiga zilikuwa nzuri kweli, na angeweza kuzipiga hata bila fedha. Pili, kampuni ndogo zilizorekodi wanamuziki weusi hazikuwa na nguvu ya kampuni kubwa. Bahasha ilikuwa mlango wao pekee. Tatu, wengi walifanya hivyo.

Hoja ya tatu tusiichelewe: wingi wa wakosaji haugeuzi kosa kuwa haki. Hoja ya pili ina uzito, kwa sababu inagusa mazingira. Lakini Thoma anafundisha kwamba mazingira huweza kupunguza au kuongeza ubaya wa tendo. Hayawezi kulifanya tendo baya kuwa jema. Tena, mlango unaofunguliwa kwa bahasha unafungwa mbele ya asiye na bahasha, naye mara nyingi ndiye maskini zaidi.

Imebaki hoja ya kwanza, iliyo ngumu kuliko zote. Kama santuri ilistahili kupigwa, nani ameumizwa? Najibu: ameumizwa msikilizaji. Mtangazaji anaposema wimbo huu ni mzuri, msikilizaji anaamini kwamba huo ni uamuzi wa mtangazaji. Akiwa amelipwa kwa siri, hata kama maneno yake ni ya kweli, uaminifu wake umeshauzwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinaonya kwamba rushwa hupofusha macho ya wanaoona. Angalieni: haisemwi kwamba huwapofusha walio vipofu tayari. Aliyepokea hawezi tena kuwa na hakika, hata ndani ya nafsi yake, kwamba angeuchagua wimbo ule bila fedha.

Sasa turudi kwa Leo Mintz. Naye alitoa fedha. Tofauti ni kwamba udhamini wa duka lake ulitangazwa wazi, na kila msikilizaji alijua. Hata sheria ya Marekani ya mwaka 1960 haikukataza kulipia muda wa redio. Ilikataza kuficha malipo. Fedha ile ile ikiwa juu ya meza ni udhamini, ikiwa chini ya meza ni hongo.

Bahasha ya kwetu

Nisingeandika haya kama jambo lenyewe lingekuwa la Marekani tu. Nilipokuwa kidato cha nne, kwaya yetu ya parokia ilirekodi albamu. Wazee wa kwaya walinituma mimi na mwenzangu kuipeleka kituo kimoja cha redio, pamoja na bahasha. Mzee wetu mmoja alituambia, "Wanangu, hiyo ni ya soda tu, ni asante." Wimbo wetu ulipigwa wiki nzima, nasi tukajisifu kwamba Mungu ametubariki. Miezi michache baadaye nilikutana na wanakwaya wa kigango jirani. Walikuwa wamepeleka kanda yao kituo kile kile, wakaambiwa wasubiri. Nyimbo zao zilikuwa nzuri kuliko zetu. Nasema hivyo kama mpiga kinanda. Walikuwa bado wanasubiri.

Sikujua niwaambie nini, na sikuwaambia kitu.

Nilipoitazama filamu hii niliwakumbuka wao. Tulitaka kumtukuza Mungu, na nia ilikuwa njema. Lakini nia njema haikuifanya bahasha ile kuwa sadaka. Na asante, kwa desturi zetu, hutolewa baada ya wema kutendeka, mbele za watu, bila kudai kitu. Yetu ilitangulia, ilifichwa, na ilidai.

Je, tumhukumu Freed? La hasha, hukumu ya nafsi ni ya Mungu. Lakini tusimwoshe pia. Jema alilolitenda ni jema kweli, na halikufutwa na bahasha. Bahasha nayo haikulipiwa na jema lile. Haki haifanyi hesabu ya kutoa na kujumlisha namna hiyo. Inadai kilichochukuliwa kirudi kwa mwenyewe. Katekisimu, namba 2412, inakumbusha wajibu huo, na inamtaja Zakayo. Zakayo hakusema tu kwamba amebadilika. Aliahidi kurudisha mara nne kwa aliyemdhulumu. Freed hakupata siku ya namna hiyo, au hakuitafuta. Jina lake liliondolewa na wengine, yeye akiwa kaburini.

Sisi bado tuko hai. Likizo iliyopita nilikwenda kigangoni kule, nikamweleza mwalimu wa kwaya yote niliyoyaeleza hapa. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akaniomba nimsaidie kuandika nota za nyimbo zao ili parokia nzima iziimbe. Nimeshaandika nne. Zimebaki saba.

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika jumuiya

1. Je, kuna "asante" ninayotoa au kupokea ambayo nisingependa itangazwe mbele ya waamini siku ya Dominika?

2. Katika huduma yangu, ni nani anayekosa nafasi kwa sababu hana cha kutoa?

3. Kuna kitu cha mtu mwingine ambacho jina langu limekaa juu yake? Nitakirudishaje?