Somo la 12: Jina Lisipotee

Kila mtu anajua kwamba atakufa. Lakini hakuna anayependa kusahauliwa. Katika somo hili tutazungumza juu ya mambo mawili: hamu ya binadamu ya kuishi milele, na vidonge vya kupanga uzazi. Mambo haya yanaonekana kuwa mbalimbali. Lakini hukutana ndani ya nyumba zetu, hapa Shangani, na Mikindani, na Msimbati, mpaka mlangoni mwa mto Ruvuma.

1. Watu walivyotafuta kuishi milele

Wafalme wa Misri ya kale walijengewa makaburi makubwa ya mawe. Miili yao ilikaushwa isioze, ili waendelee kuishi katika ulimwengu mwingine. Mfalme wa kwanza wa China yote, Qin Shi Huang, alituma watu baharini kutafuta dawa ya kuzuia kifo. Dawa haikupatikana. Alikufa mwaka 210 kabla ya Kristo.

Wazee wetu walishika njia nyingine. Walitaka kuishi kwa njia ya watoto. Mjukuu hupewa jina la babu, na watu husema, "Babu amerudi." Tazama kinyago cha Wamakonde kiitwacho ujamaa. Watu wengi wamebebana katika gogo moja. Walio juu wanasimama juu ya walio chini. Huo ndio ukoo.

Waislamu nao hufundishwa kwamba mtu akifa, matendo yake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea.

Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Panga uzazi," huenda akasikia, "Kata jina lako." Hofu hiyo si ya kuchekwa. Tuichunguze.

2. Kwa nini wazee walizaa watoto wengi?

Wamakonde wana hadithi ya asili yao. Mtu mmoja aliishi peke yake porini. Alichonga sanamu ya mti, na sanamu ile ikawa mwanamke. Walizaa mtoto karibu na mto, naye akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde jingine. Mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakapanda nchi ya juu, Mahuta. Huko mtoto wa tatu akaishi, na kabila likaendelea.

Hadithi hii inatufundisha nini? Kwamba ukoo haukuanza na mtoto aliyezaliwa. Ulianza na mtoto aliyeishi.

Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, zaidi ya mtoto mmoja katika kila watoto watano alikufa kabla ya kufika miaka mitano. Surua, malaria, kuhara na utapiamlo viliua wengi. Mzazi aliyetaka kubaki na watoto wanne ilimbidi azae sita, saba au nane. Wazee hawakuwa wajinga. Walifanya hesabu ya wakati wao.

Hesabu hiyo imebadilika. Kwa uchunguzi wa mwaka 2022, watoto 43 katika kila 1,000 walikufa kabla ya miaka mitano. Bado ni wengi, lakini si kama zamani. Mwaka 1967 Watanzania walikuwa milioni 12. Mwaka 2022 walihesabiwa zaidi ya milioni 61. Jina letu halipotei. Swali la leo ni hili: watakula nini, na watasoma wapi?

3. Kuacha nafasi si jambo geni

Wazee wetu walijua hatari ya kuzaa haraka haraka. Walikataza kumbemenda mtoto. Walisema wazazi wakirudiana mapema, au mama akishika mimba mtoto angali ananyonya, mtoto huyo atadhoofika. Mama aliyejifungua aliweza kukaa kwao muda mrefu. Hivyo watoto walipishana.

Kulala pamoja hakumdhuru mtoto. Lakini wazee waliona jambo la kweli: mimba ya mapema humwondolea mtoto ziwa na humchosha mama. Wataalamu hushauri mama apumzike angalau miaka miwili baada ya kujifungua, ndipo ashike mimba nyingine.

Mkulima wa korosho anaelewa. Wataalamu wa Naliendele hushauri mikorosho ipandwe mita 12 kwa mita 12. Ukiisonganisha, utapata miti mingi na korosho chache. Hakuna anayesema kwamba mkulima aliyeacha nafasi amelikata shamba lake.

4. Kidonge chenyewe

Kidonge cha kupanga uzazi kilikubaliwa kutumika Marekani mwaka 1960. Hapa kwetu chama cha uzazi bora kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959. Baadaye kikaitwa UMATI. Katika miaka ya 1970 huduma hiyo iliingia katika kliniki za mama na mtoto.

Kidonge kinafanyaje kazi? Kina dawa inayofanana na ile inayotengenezwa na mwili wa mwanamke. Huzuia yai lisikomae na kutoka. Bila yai hakuna mimba. Humezwa kimoja kila siku, saa ile ile. Ukisahau kimoja, kimeze mara unapokumbuka. Ukisahau viwili au zaidi, endelea kumeza, tumia kondomu siku saba, na uliza kliniki.

Wengine husema vidonge hurundikana tumboni. Si kweli. Huyeyuka kama chakula. Wengine husema huleta ugumba. Si kweli. Mama akiacha, anaweza kushika mimba tena.

Lakini kidonge ni dawa, si peremende. Wengine huona kichefuchefu, kuumwa kichwa au matone ya damu. Mwenye shinikizo la damu, na mama anayenyonyesha mtoto mchanga, asichukue kidonge chochote bila kupimwa na kuulizwa. Mama anayenyonyesha ana aina yake. Tena, kidonge hakizuii UKIMWI.

5. Mambo ya nyumbani

Tuchukue mfano. Mume ni mvuvi. Mke analima mihogo na kuokota korosho. Wana watoto watatu, na wa mwisho ana miezi minane. Mke amemeza vidonge kwa siri na kuvificha katika ndoo ya unga. Mama mkwe anaviona.

"Mwanangu, unataka kumkatia mume wako kizazi? Nani atabeba jina la marehemu mzee?"

"Jina la baba tumekwisha mpa huyu wa pili, mama. Nataka alibebe akiwa na afya, tena akijua kuliandika."

Mama mkwe ananyamaza. Kisha anasema, "Mimi nilizaa wanane, nikazika watatu. Wawili kati yao walifuatana mno. Maziwa yalikatika." Anamrudishia vidonge. "Lakini usimfiche mwenzako. Akiviona yeye, hatauliza kama nilivyouliza mimi."

Jioni wanazungumza wote watatu. Mume anakasirika kwanza. Kilichomuuma si vidonge. Ni kufichwa. Mwisho anakubali kwenda kliniki amsikie muuguzi mwenyewe.

Kidonge kimeleta mabadiliko haya: mwanamke anaweza kupanga miaka yake. Anaweza kulima, kufanya biashara, au kumaliza kisomo. Mabadiliko hayo huleta maneno nyumbani kama watu hawazungumzi. Kliniki humpokea mama hata akienda peke yake, lakini mapatano huleta amani.

Dini nazo zina mafundisho yake. Masheikh wengi hukubali kuacha nafasi ikiwa mume na mke wamepatana. Kanisa Katoliki halikubali vidonge. Hufundisha kuhesabu siku. Kila mtu aamue kwa elimu na dhamiri yake. Asilazimishwe kuzaa, wala asilazimishwe kuacha.

6. Mwisho

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliwakumbusha wananchi kwamba kuzaa hata wanyama huzaa, lakini kulea na kufundisha ni kazi ya binadamu. Ndugu msomaji, hakuna kidonge cha kuzuia kifo. Jina hubaki kwa mtoto aliyelelewa akakua, na kwa mnazi uliopanda wakanywa madafu wengine.

Maneno ya kukumbuka
kumbemenda mtoto: kumdhoofisha mtoto anayenyonya, kwa imani ya wazee
ugumba: hali ya kutoweza kuzaa
dhamiri: sauti ya moyoni inayomwonya mtu

Maswali ya mazungumzo
1. Katika ukoo wenu majina hurithiwa vipi?
2. Kwa nini hesabu ya wazee haifanani na ya leo?
3. Mama mkwe alitenda vema au vibaya? Toa sababu.
4. Mke angemwambiaje mume wake tangu mwanzo?
5. Andika sentensi tatu juu ya jambo ambalo ungependa watu wakukumbuke kwalo.