Jumanne: Vifungo Visivyoonekana

Soma Waefeso 4:15, 16 na Wakolosai 2:19. Kulingana na Paulo, mwili hukua kwa njia gani, na viungo vina kazi gani katika kukua huko?

Tazama ngozi ya kiganja chako. Unaposhika jembe au kubeba ndoo ya maji, ngozi hiyo huvutwa na kusuguliwa, lakini seli zake haziachani. Zimeshikana kwa vifungo vidogo sana viitwavyo desmosomu. Kila seli hutoa protini kuelekea jirani yake, na jirani naye hutoa zake. Hukutana katikati na kushikana. Kwa ndani, kila kifungo kimeungwa na nyuzi imara za keratini zinazopita katika seli. Hivyo uzito unaoangukia seli moja hubebwa na nyingi.

Uko ugonjwa uitwao pemfigasi. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia protini za vifungo hivyo. Haianzi kwa kuziua seli, bali huziachanisha. Maji hujaa kati yao, na mgonjwa hutokwa na malengelenge na vidonda mdomoni na kwenye ngozi. Kabla ya dawa za steroidi kuanza kutumika katika miaka ya 1950, wengi walioupata walikufa.

Hapa na tujipime. Paulo anaweka kweli na upendo mahali pamoja. Mara nyingi kanisa huumizwa na sisi tunaodhani kwamba tunalilinda, tunapomkaripia mtu hadharani au kulijadili kosa lake kila mahali isipokuwa mbele yake. Ndugu yule aliyeacha kuja huenda bado anaomba na kuishika Sabato nyumbani kwake. Imani yake haijafa. Kilichokatika ni kifungo.

Kifungo hakishiki kwa upande mmoja. Ndiyo maana katika Mathayo 5:23, 24 Yesu hamwambii mwenye sadaka angojee kufuatwa, anamwambia aende.

Ni nani ambaye zamani mliketi naye benchi moja, na leo hamsalimiani? Utachukua hatua gani kabla ya Sabato hii?

Kwa mjadala: Darasa lenu linawezaje kuitetea kweli bila kukata vifungo vinavyowaunganisha washiriki?